Hasidi na Mwivu Hawakuulizwa

Kuna kesi ambazo hukumu yake unaisoma kwenye majina ya washtakiwa. Katika Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952, wapo ndugu watatu wa baba mmoja. Mmoja anaitwa Adili. Wawili waliobaki wanaitwa Hasidi na Mwivu. Sasa niambie, ni mzazi gani anamwangalia mtoto mchanga usoni na kumwita Hasidi? Hata jina la kitabu lenyewe limeshapendelea. Hakikuitwa Wana wa Faraja, kwa jina la baba yao. Ni Adili, halafu kile kiambishi kidogo mwishoni, -ze, ndugu zake. Wawili hao ni wa kwake, kama ng'ombe na shamba lilivyo lake.

Kwa walioisahau, na wengi tuliisoma kwa ajili ya mtihani tu, kisa kiko hivi. Mfalme Rai anamtuma Ikibali kwenda Janibu kufuata kodi. Mtawala wa Janibu ni Adili, mtu tajiri na mwenye sifa njema. Ikibali akiwa mgeni nyumbani kwake anagundua jambo la ajabu: usiku Adili anawaendea manyani wawili waliofungwa, anawapiga kwa mjeledi, kisha anawabembeleza. Habari inamfikia Rai, Adili anaitwa kujieleza. Anaeleza kwamba manyani hao ni ndugu zake. Baba alipokufa waligawana urithi sawasawa, wenzake wakaenda kufanya biashara ugenini, wakarudi mikono mitupu, naye akagawana nao alichokuwa nacho. Baadaye wakasafiri pamoja. Yeye akampata Mwelekevu katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, nao kwa husuda wakamtupa baharini. Huria, binti wa majini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akamwokoa yeye, akawageuza wale wawili kuwa manyani, akaamuru wapigwe kila usiku. Adili asipowapiga, ataadhibiwa yeye.

Nimekirudia kitabu hiki nikiwa Kahama, na nadhani mahali unaposomea hadithi panabadilisha unachokisikia. Hapa dhahabu si habari ya mbali. Bulyanhulu ilianza kuzalisha mwaka 2001, lakini wachimbaji wadogo walikuwepo zamani kabla ya mgodi mkubwa, na wapo hadi leo, na maduara yao na makarasha yao na mialo yao. Katika ukanda huu wote, mpaka Geita, mtu anaweza kulala hana nauli ya bodaboda na baada ya wiki mbili akawa mtu wa kupigiwa simu na diwani. Wanasema ametoboa. Na akishatoboa, neno la kwanza utakalolisikia kutoka kwake kuhusu ndugu zake ni lile lile la Shaaban Robert: mahasidi. Litaandikwa nyuma ya gari lake la kwanza. Hasidi hana sababu, kanga zilishamaliza mjadala huo zamani.

Hapo ndipo ninapotaka kubishana na kitabu, maana hasidi mara nyingi sababu anayo. Duara halichimbwi kwa mikono mitupu. Wachimbaji wanatakiwa kula miezi kadhaa kabla jiwe halijasema chochote. Kuna magogo ya kuzuia udongo usiporomoke, kuna pampu ya maji, kuna baruti. Hela hiyo inatoka wapi? Kwa familia nyingi za hapa inatoka kwenye ng'ombe waliouzwa, au mpunga, au shamba la pamba la mama lililokodishwa misimu miwili. Ndugu mmoja anashuka shimoni, mwingine anabaki nyumbani kulisha watoto wa wote wawili. Wanakubaliana kwa mdomo, kwa sababu ndugu hawaandikishiani. Siku mfuko wa mawe ukisagwa na kutoa kitu cha maana, leseni ina jina la mtu, risiti ya soko la madini ina jina la mtu, na yule aliyebaki nyumbani hana karatasi yoyote. Akidai, anaonekana ana wivu. Mchimbaji naye ana lake, na ni la haki: ni yeye aliyekuwa chini siku udongo ulipolia juu ya kichwa chake, na kama ungemfunika asingezikwa mtu mwingine. Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana ugomvi huu hauishi.

Mwandishi alikuwa mjanja. Aliuziba mlango huu mapema. Urithi wa Faraja unagawanywa sawasawa mwanzoni kabisa, na Adili anatoa tena cha kwake baadaye, hivi kwamba hakuna anayeweza kusimama na kusema utajiri wake ulianza kwenye mfuko wa mwenzake. Hesabu ni safi mno. Ni safi kuliko familia yoyote ninayoijua, yangu ikiwemo. Mahali ambapo hesabu haina doa, husuda ya Hasidi na Mwivu inabaki bila chanzo, ni ugonjwa waliozaliwa nao, na majina yao yanatosha kuwa ushahidi.

Lakini hadithi ina akili kuliko majina yake. Rudi kwenye usiku ule wa mjeledi. Yasahau maelezo ya Adili kwa muda, mtazame kama Ikibali alivyomtazama, kabla hajajua lolote. Mtu tajiri, nyumba kubwa, anasubiri watu walale, anawaendea viumbe wawili anaowaficha. Viumbe hao ni ndugu zake wa damu. Anawapiga. Asubuhi anatoka kwenda kutawala mji.

Simulia hivyo kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Kahama, usitaje kitabu, halafu subiri. Hakuna atakayesema jamaa huyu ni mwadilifu. Watakwambia huyo kafuga misukule. Watakwambia utajiri wake ni wa kafara, kawatoa ndugu zake. Kwa imani hiyo tajiri hapati bure: kila anayetoboa ghafla, kuna mtu wa ukoo wake amelipa, na tajiri anamficha ndani, anamfanyisha kazi usiku. Ni hadithi ile ile ya manyani, ila imesimuliwa kutoka upande wa pili wa mlango. Adili ana toleo lake, na jirani ana lake, na kitu kinachoonekana kwa macho ni kimoja.

Sisemi hili kwa utani. Kanda hii imezika watu kwa sababu ya hadithi za namna hiyo. Vikongwe wa Shinyanga na Geita waliuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho ya moshi wa kuni. Kuanzia mwaka 2007 hivi watu wenye ualbino waliwindwa, na sehemu ya soko la viungo vyao ilikuwa ni watu waliotaka bahati ya migodini na ziwani. Kwa hiyo ndugu maskini anayenong'ona kwamba kaka yake ametoa kafara hafanyi jambo dogo, na siwezi kumtetea kwa sababu tu ni maskini. Ila ukimsikiliza vizuri, mara nyingi ananong'ona kwa kuwa hana mahali pengine pa kupeleka dai lake. Angekuwa na karatasi angeenda baraza la kata. Hana, kwa hiyo anakwenda kwa mganga, au anaanza kusema.

Manyani wa Shaaban Robert hawawezi kusema kabisa, na hili kwangu ndilo jambo kubwa zaidi katika kitabu. Kisa chote cha udugu wao tunakipata kwa mdomo wa yule aliyepanda. Anakisimulia mbele ya mfalme, mahali ambapo ana kila sababu ya kuonekana mwema, na mashahidi wake wamenyang'anywa ulimi. Inawezekana kabisa kila neno lake ni kweli. Mimi ninaamini kwamba ni kweli, hadithi haitupi nafasi ya kuamini vinginevyo. Ila hata kweli inanuka kidogo ikiwa upande mmoja umefungwa mnyororo.

Na Ikibali? Namhurumia, maana kazi yake ndiyo yetu sisi waandishi wa habari. Ameona, akapeleka taarifa, na aliyehojiwa ni tajiri. Juni 2020, Saniniu Laizer wa Mirerani alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 na Rais Magufuli akampigia simu hadharani, kila chumba cha habari nchini kilijua habari ile inaandikwaje: picha ya jiwe, picha ya mtu, hundi, ahadi ya kujenga shule. Simsemi yeye wala nyumba yake. Nasema mtindo wa habari tulioupata siku ile, ambao tangu hapo tunamvalisha kila mchimbaji anayebahatika. Ndani ya mtindo huo hakuna sentensi ya ndugu. Ndugu akitokea, anatokea mwaka mmoja baadaye, kwenye habari za polisi.

Nikikosoa hivi, nisimpunje mwandishi. Watafiti walishaonyesha kwamba kisa hiki kina asili katika Alfu Lela Ulela, hadithi ya Abdallah bin Fadhil na ndugu zake. Kule ndugu wamegeuzwa mbwa, siyo manyani, na khalifa ni Harun al-Rashid. Kule pia wanasamehewa na kurudishiwa umbo lao. Kisha wanafanya nini? Wanajaribu tena kumuua ndugu yao, na mwisho wao ni kuuawa. Msimulizi wa Kiarabu hakuwa na matumaini na watu hawa. Shaaban Robert alichukua kisa kile kile akakataa mwisho wake. Rai anawaombea msamaha kwa majini, Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, na wanaishi.

Mabadiliko haya mawili ndiyo saini yake. Mbwa anaweza kubaki mbwa. Nyani ana mikono, ana uso, ukimtazama muda mrefu unaanza kumfananisha na mtu unayemjua. Na yule aliyebadili mnyama ndiye aliyewanyima kifo. Nasoma hapo mtu ambaye alikubali kanuni za hadithi ya maadili, wema hapa na ubaya kule, lakini mkono wake ukagoma kumalizia kazi.

Kinachonisumbua ni njia inayotumika. Ndugu hawapatanishwi na ndugu. Inabidi mfalme amwandikie mfalme mwenzake, serikali ya watu na serikali ya majini, ndipo mnyororo ufunguliwe. Adili alilia, aliwabembeleza, aliumia kila usiku, sawa, lakini hakuna usiku hata mmoja aliouliza kama kuna kitu wanamdai. Wao wakishasimama tena kwa miguu yao, wamekwisha kuwa wema, wametulia, hawana neno. Mimi ningetaka kurasa chache za hapo, siku ya kwanza. Wamekaa mezani watatu, chakula kimeletwa, migongo ya wawili bado haijapona, na Hasidi ndiye anayeanza kuzungumza.