Mlango wa Msimu wa Mvua

Mbao za mlango zilikuwa zimelala juu ya meza siku ya tatu, na fundi alikuwa hajazigusa kwa msumeno. Kila alipopita alizipapasa kwa kiganja, akageuza mmoja, akagonga mwingine kwa kidole na kusikiliza. Mvua ya Lupepo ilipiga bati kwa nguvu hata ikabidi tusemezane kwa sauti ya juu.

"Bado hazijazoea," aliniambia.

Mninga ule ulitoka Chunya, kwenye miombo na jua kali, ukaletwa huku upande wa Tukuyu ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ni lazima ukae kwanza humu karakanani, unywe hewa ya hapa, ndipo ukubali kupimwa. Nyumbani kwangu nina mlango ambao kila Aprili husukumwa kwa bega. Aliyeutengeneza alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka kuliko yeye. Tangu hapo namheshimu sana fundi anayejua kungoja.

Jambo lenyewe ni hili: ubao hunywa unyevu wa hewani na kuutoa tena, mwaka hadi mwaka. Kwa urefu hauongezeki kiasi cha kuonekana. Kwa upana ndiko hufura na kusinyaa, na ubao uliopasuliwa pembeni mwa gogo hucheza karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo wa mti. Kwa hiyo fundi akiletewa ubao haanzi na uso wake mzuri. Hutazama kichwani, pale ulipokatwa, asome duara za mti zimepinda kuelekea wapi. Akishajua hilo anajua ubao utakunjika upande gani, hata kama leo umenyooka kama rula.

Mninga ni mpole, haubadiliki sana, ndiyo maana hupendwa. Kazi nyingi za hapa, hata hivyo, si za mninga. Ni za paina na mlingoti, miti iliyopandwa karibu na kupasuliwa kwa mashine ndogo wanazoziita dingdong. Paina mbichi inaweza kubeba maji yenye uzito kuupita wa mti wenyewe. Fundi huzipanga mbao chini ya banda, kila safu na vijiti vyake ili upepo upite katikati, na vichwani huzipaka rangi zisipasuke. Kisha huziacha. Mlingoti ndio humtesa zaidi: husinyaa, hujisokota, hupasuka usiku wakati mwenyewe amelala.

Hata ukishakauka, ubao haujaacha kucheza, na hapo ndipo nilipoona uzuri wa mlango wa paneli. Miimo na mapingo huunganishwa kwa ulimi wa mbao unaoingia katika tundu lililochimbwa kwa patasi, na ulimi huo hubana kabla gundi haijawekwa. Paneli ya katikati ni kinyume chake kabisa. Hiyo hukaa ndani ya mfereji, haipakwi gundi, haipigwi msumari. Mvua zikija hutanuka ndani ya mfereji wake. Kiangazi hurudi ilivyokuwa, na anayefungua mlango hajui kwamba kuna kitu kimetembea. Fundi ameuachia mti uhuru ndani ya umbo alilolibana yeye. Nimeitazama kazi hiyo mara nyingi na bado hainichoshi.

Siku hiyo mteja mmoja alikuja na simu janja. Alikuwa ameiomba akili unde imchoree mlango, na picha ilikuwa nzuri kwelikweli: ubao mmoja mpana mlango mzima, bila kiungo, nyuzi zake zikitiririka kama maji. Fundi aliishika simu kwa mikono miwili, kwa heshima. Akauliza, "Mwanangu, ubao huu nyuzi zake zinaanzia wapi?" Wakazitafuta pamoja. Nyuzi zilikuwa zinapotelea katikati na kuzaliwa upya upande wa pili. Hakuna mti uliowahi kuota hivyo.

Sisemi hivyo kuidharau mashine. Katika viwanda vikubwa vya Ulaya, gogo hupitishwa kwenye eksirei na kompyuta ikaona vifundo vilivyofichika kabla msumeno haujagusa gamba. Nchini Marekani, watafiti wa maabara ya mazao ya misitu huko Madison wametengeneza kifaa kinachoitwa XyloTron, kinachotazama kipande cha mbao kwa kamera na kutambua ni mti gani. Programu za kupanga vipande kwenye bodi zinapunguza upotevu, na mbao ni ghali. Fundi wetu akipata moja inayokaa kwenye simu, nitafurahi.

Wakubwa wa kutabiri ni kazi zipi mashine itazichukua nao wamegeuka njiani. Mwaka 2013, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne wa Oxford walizipima kazi 702 za Marekani, na seremala wakamwekea uwezekano wa asilimia 72 kwamba kazi yake ingeweza kufanywa na mashine. Miaka 10 baadaye, watafiti wa OpenAI na wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitafuta kazi ambazo hizi programu mpya za lugha haziwezi kuzigusa, na katika orodha fupi waliyoipata wakamweka msaidizi wa seremala.

Mimi nadhani msaidizi huyo ndiye wa kuhofiwa kupotea. Hakuna haja ya roboti ipande hadi huku Rungwe kuchukua patasi. Inatosha kazi nyepesi ziondoke: rafu, droo, vitanda vya bodi, vikikatwa mjini kwa mashine inayoongozwa na kompyuta na kuletwa kwa lori vikiwa vimekamilika. Hizo ndizo kazi ambazo kijana huharibu mbao kwazo mpaka mkono wake ujue. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa vyeti, na ni jambo jema; ila mtaa wenyewe lazima uwe na kazi ya kujifunzia.

Hapa karakanani kijana yupo, mtoto wa kaka yake fundi. Siku ya nne mbao zilikuwa tayari, na yeye ndiye aliyepewa randa. Nilikaa karibu na lundo la maranda nikasikiliza. Randa ikifuata nyuzi hutoa sauti ya kitambaa kinachochanwa taratibu. Ikienda kinyume hukwaruza na kung'oa vipande. Mvua ilikuwa bado juu ya bati. Fundi alikuwa ametugeuzia mgongo, akinoa patasi kwenye jiwe.

"Geuza ubao," alisema.

"Baba mdogo, hujaangalia hata kidogo."

"Geuza."

Kijana akaugeuza, akaiweka randa upya, akasukuma. Ukanda mmoja mrefu wa maranda ukatoka, mwembamba, ukajikunja hadi sakafuni bila kukatika.