The Godfather: Treni Isiyoonekana na Ngumi Isiyofika

Katika The Godfather, filamu ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1972, kipande ninachokipenda kuliko vyote na kile kinachoniudhi kuliko vyote vinategemea kitu kimoja: sauti iliyopachikwa baada ya picha kupigwa. Sauti hiyo imekijenga kimoja na kukiumbua kingine.

Tuanze na mgahawa wa Bronx. Michael Corleone (Al Pacino) ameketi meza moja na Sollozzo, mfanyabiashara wa dawa za kulevya aliyetaka kumuua baba yake, pamoja na McCluskey, kapteni wa polisi anayemlinda Sollozzo. Michael ameshapekuliwa. Bastola imefichwa chooni, nyuma ya tangi la maji. Maagizo aliyopewa yako wazi: ukitoka tu mlangoni, piga.

Anaingia chooni, anatoka, lakini hapigi. Anarudi kuketi. Sollozzo anaendelea kuzungumza Kiitaliano, na chini ya skrini hakuna tafsiri yoyote, kwa sababu Coppola anataka tumtazame anayesikiliza. Kamera inausogelea uso wa Pacino taratibu. Macho yanahangaika. Mlio wa treni unapanda, unapanda, mpaka unakuwa ukelele wa chuma kikisaga chuma na kuyameza maneno ya Sollozzo. Kisha Michael anasimama na kufyatua. Risasi inamkuta McCluskey uma ukiwa bado mkononi.

Treni hiyo hatuioni hata mara moja. Ni kazi ya Walter Murch, aliyeshughulikia sauti ya filamu hii, na ameipanga kwa akili sana. Treni za Bronx hupita juu ya barabara, na mngurumo wake tumeshausikia Michael alipokuwa chooni akiitafuta bastola, kwa hiyo sikio limeukubali kama sauti ya mtaa. Ukizidi kipimo, hatushtuki. Tunajua tumeingia kichwani mwake. Muziki wa Nino Rota nao umenyamaza kabisa, hausikiki mpaka mauaji yamekwisha na bastola imedondoshwa. Hakuna wa kutuongoza tuogope nini, ndiyo maana tunaogopa kweli.

Sasa njoo mtaani, Sonny (James Caan) anapomkamata Carlo, shemeji yake anayempiga mkewe. Anamshushia ngumi na mateke, anamng'ata vidole ili aachie chuma alichokishikilia, anamtwanga na kifuniko cha pipa la taka. Hasira ya Caan inaaminika. Lakini kuna ngumi moja inayopita hewani, mbali na uso wa Carlo; kichwa kinayumba hata hivyo, na mlio wa pigo unasikika.

Kosa liko kwenye pembe ya kamera. Ngumi ya kuigiza hupigwa picha lenzi ikiwa karibu na mstari wa mkono, nyuma ya bega la mmoja wao, ili ngumi na taya vifunikane na jicho lisiweze kupima nafasi iliyo kati yake. Hapa kamera imekaa ubavuni, na nafasi hiyo iko wazi. Mlio ndio unaomaliza kabisa: bila huo tungedhani Sonny amekosa shabaha, jambo la kawaida kwa mtu aliyepandwa na hasira.

Yupo atakayesema picha pana ilihitajika ili tuone jinsi aibu ya nyumbani ilivyoanikwa hadharani. Nakubali, na ningeiacha pana vilevile. Ningekata pigo hilo moja tu. Vidole vilivyong'atwa na kile kifuniko vinatosha kubeba ukatili wote.

Sauti inaweza kutupeleka mbali kuliko picha, lakini haiwezi kukana kile ambacho jicho limeshakiona. Murch aliliambia sikio jambo ambalo jicho halikuwa na ushahidi wa kulipinga. Mtaani ushahidi ulikuwa mbele yetu. Kwa hiyo, wewe unayehariri pambano, zima sauti kwanza utazame. Ngumi ambayo haijafika kimyakimya, hakuna mlio utakaoifikisha.