Mhitimu wa Historia na Deni la Pwani ya Kusini

Kijana anayechagua kusoma Historia huulizwa na ndugu zake swali moja: ukimaliza Chuo Kikuu, utafanya kazi gani? Mwenzake anayetaka udaktari au uhandisi haulizwi, kwa kuwa jina la masomo yake ndilo jina la kazi yake. Huyu wa Historia hujibu, aghalabu kwa sauti ndogo, kwamba atakuwa mwalimu. Na waliomwuliza hunyamaza kama watu waliopewa habari ya msiba mdogo. Swali lenyewe si baya. Ubaya ni kwamba tumezoea kulijibu kwa kuhesabu ofisi na mishahara, na hesabu ya namna hiyo haitupi kipimo cha usomi. Katika insha hii twataka kulijibu kwa njia nyingine, nayo ni kuzihakiki baadhi ya kazi zilizotoka mikononi mwa waliosoma Historia, tena kuzihakiki mahali pamoja tu: Kilwa na pwani ya Lindi. Si sehemu nyingi za nchi yetu zilizowapa wanahistoria riziki kubwa kama hii. Ni haki basi kuuliza zimerudishiwa nini.

Mtu wa kwanza tunayemfahamu kuiandika historia ya Kilwa kwa kirefu hakuwa na shahada. Alizaliwa mwaka 1499, na baada ya Wareno kuuteka mji mwaka 1505 aliandika kwa Kiarabu habari za masultani wake. Jina lake limepotea. Kitabu chake kinajulikana kwa jina la Kitab al-Sulwa. Nakala moja, iliyotolewa Zanzibar katika karne ya 19, imehifadhiwa London, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1895. Mwandishi huyu alikuwa na kasoro ambayo wanafunzi wetu wataitambua mara moja: anaona jumba la sultani, haoni ngalawa ya mvuvi wala jembe la mkulima. Anajua nani alirithi kiti cha nani, hatuambii nani aliyechoma chokaa iliyojenga Husuni Kubwa. Lakini alikuwa na fadhila moja ambayo wasomi wengi waliomfuata waliikosa. Aliandika juu ya watu aliowajua, katika lugha ambayo wasomi wa mji wake waliisoma.

Tuyaweke hayo akilini tunapofika kwenye zama za Chuo Kikuu. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, na katika miaka michache Idara yake ya Historia ikapata sifa kote Afrika. Profesa wake wa kwanza alikuwa Terence Ranger. Isaria Kimambo na Arnold Temu walikuwa miongoni mwa Watanzania wa mwanzo kufundisha hapo. Naye Walter Rodney alifundisha hapo mpaka mwaka 1974. Shabaha yao ilikuwa bayana: kuivua historia ya Afrika kasumba ya kikoloni iliyosema kwamba Mwafrika hakuwa na historia mpaka alipofika mgeni kumwandikia. Mwaka 1968 Idara hiyo ilifanya jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa na wanafunzi wa Historia nchini. Vijana waliokuwa bado wanasomea shahada ya kwanza walitumwa vijijini kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji.

Lazima tuufahamu uzito wa tarehe hiyo. Vita ilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi, wilayani Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale huko Mohoro. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku hizo alikuwa na miaka 83 vijana wa Chuo walipobisha hodi. Wangalichelewa miaka kumi, wangalikuta makaburi. Katika maneno waliyoyakusanya sauti za Umatumbi zinasikika zikieleza jinsi kazi ya shamba la pamba ilivyokuwa, nani aliyesimamia, nani aliyechapwa. Hayo hayamo katika taarifa za Wajerumani, ambao waliwahesabu waliokufa kuwa 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyeyashughulikia mambo haya kuliko mtu mwingine yeyote, aliwakadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Hata hivyo sifa isitufanye tusahau kuhakiki. Kazi hiyo ilizaliwa katika miaka ya kwanza baada ya Azimio la Arusha, wakati Taifa lilipokuwa likitafuta mizizi ya umoja wake, na mizizi ikaonekana kwa wepesi mno. Vita ilisomwa kama TANU kabla ya TANU. Mambo yasiyoingia vizuri katika picha hiyo yalipata nafasi ndogo: ugomvi wa majirani uliokuwapo kabla ya maji ya dawa, watu wa pwani waliosimama upande wa Serikali ya Kijerumani, wanawake waliobaki na watoto wakati wa njaa. Wanahistoria wa baadaye wameyaeleza haya kwa ukali, hasa katika kitabu cha makala kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010. Ukali wao una haki. Twaongeza tu kwamba wasingalikuwa na cha kukosoa kama vijana wale wasingalikwenda.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya lugha. Wazee walisema kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Makala za wanafunzi zikapigwa taipu kwa Kiingereza, na nyingi hazikuvuka maktaba. Gwassa alimaliza tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973. Ni kazi ya juu kabisa juu ya chanzo cha vita ile. Ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2005, miaka 32 baadaye, tena mjini Köln, Ujerumani, na kwa Kiingereza. Yaani neno lililotoka kinywani mwa mzee wa Umatumbi lilivuka lugha moja na bahari mbili ili lipate jalada, na likapata jalada katika nchi ile ile iliyomchapa mzee huyo viboko. Hatumlaumu Gwassa, wala hatumlaumu mchapaji, ambaye alitufanyia hisani. Tunaulaumu utaratibu unaompima mhitimu wa Historia kwa kusomwa na watahini wake, usijali kama amesomwa na waliomsimulia.

Tuitazame upande wa pili kazi iliyotolewa mwaka 1969 na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hiyo hiyo ya kusini. Hakuwa mhitimu wa Historia. Alisoma sanaa za maonyesho katika Chuo hicho hicho. Mchezo wake, Kinjeketile, uliandikwa kwa Kiswahili, ukachezwa, na umesomwa mashuleni na vizazi kadhaa. Mtunzi mwenyewe alionya kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia, na hata tahajia ya jina inatofautiana kidogo. Lakini ndani ya uhuru huo alithubutu kuuliza swali ambalo historia ya umoja ilipenda kulipita: kiongozi afanye nini anapoanza kulishuku neno alilolitamka, hali watu wamekwisha kulishika na kwenda nalo vitani? Kinjeketile wa mchezoni anaogopa utabiri wake mwenyewe unaowaweka watu wake chini ya Sultani wa Zanzibar. Na mwishoni, akiwa kifungoni, anakataa kuyakana maji, kwa kuwa akiyakana, watakaozaliwa baadaye wataambiwa kwamba wazee wao walipigania uongo. Katika jambo hili mtunzi alikuwa mwanahistoria mkali kuliko wanahistoria. Walimu wanaofundisha mchezo huu katika somo la Fasihi pasipo kuuweka kando ya masimulizi ya Umatumbi wanawanyima wanafunzi nusu ya faida. Wangeweza pia kuongeza utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa tena mwaka 1957, ambao unaitazama vita kwa jicho la mtu wa mji wa pwani. Mashujaa wa kitabu kimoja si mashujaa wa kitabu kingine.

Habari za magofu ni tofauti. Hapa, kwa muda mrefu, mhitimu wetu hakuwapo kabisa. Neville Chittick, aliyekuwa msimamizi wa Mambo ya Kale wa Tanganyika tangu mwaka 1957, alichimba Kilwa Kisiwani kwa miaka mingi, na mwaka 1974 akatoa vitabu viwili vikubwa juu ya mji huo. Kila anayesoma habari za Kilwa anategemea vipimo na michoro yake, nasi tunamshukuru. Lakini jina alilolipa kazi yake, yaani mji wa biashara wa Kiislamu, lilikuwa tayari hukumu. Mwenyeji wa bara na wa pwani anaonekana humo kama mtu aliyepokea mji kutoka ng'ambo. Ili hukumu hiyo ipingwe kwa ushahidi wa chini ya ardhi, ilibidi wapatikane Watanzania wenye kuujua ufundi wa kuchimba. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia katikati ya miaka ya 1980, ndani ya Idara ya Historia. Felix Chami alitoa utafiti wake juu ya pwani ya Tanzania katika miaka elfu ya kwanza mwaka 1994, akionyesha kwa vigae vya vyungu kwamba wakulima na wafua chuma wa hapa hapa ndio waliokuwa msingi wa miji hiyo. Njia hii ya masomo, kutoka Historia kwenda akiolojia, ni mojawapo ya zilizozaa matunda, ingawa wanaoifuata ni wachache. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2014 vilikuwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mtu angedhani mambo hayo yangeamsha hamu ya mamia ya vijana.

Hapa inatupasa kumkumbuka mtu mmoja ambaye hakupita chuo chochote cha Historia. Katika machimbo ya Tendaguru, bara ya Lindi, ambako Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913 walitoa zaidi ya tani 200 za mifupa ya wanyama wa kale na kuipeleka Berlin, msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Waingereza walipokuja katika miaka ya 1920 walimtafuta huyo huyo, kwa sababu ujuzi ulikuwa mikononi mwake. Jina lake limo katika vitabu vya wageni. Ni shule ngapi za Lindi zinazolitaja?

Basi turudi kwa yule kijana na ndugu zake. Katika miaka ya 1970 jibu la swali lao lilikuwa rahisi: Serikali ilimpangia mhitimu kazi, na wa Historia walienda zaidi mashuleni, wengine Nyaraka za Taifa, Makumbusho, Redio, au ofisi za Chama na za Mambo ya Nchi za Nje. Leo mambo si hivyo. Mhitimu wa Historia aliyesomea ualimu huweza kusubiri ajira kwa miaka kadhaa, na akiipata hupelekwa asikokujua. Akiletwa Kilwa Masoko, huanza kufundisha kutoka katika daftari alilolinakili chuoni: Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza, Mkutano wa Berlin, kisha ukurasa mmoja juu ya miji ya pwani, nao kwa Kiingereza. Kutoka dirishani karibu anaona Kisiwani ng'ambo ya mlango wa bahari. Wanafunzi wake wana wajomba wanaowapeleka wageni kwa mashua kuyatazama magofu. Hao wajomba wanaweza kumwambia mgeni wapi palikuwa na kisima na nani amezikwa chini ya mbuyu. Mwalimu mwenye shahada hajawauliza. Tusimcheke. Chuo kilimfundisha kujibu mtihani juu ya Maji Maji, hakikumfundisha kufanya walichofanya vijana wa mwaka 1968.

Mtaala uliotolewa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Tunalipokea kwa furaha, ila tuna wasiwasi mmoja: jina lake linaweza kuwashawishi watungaji wa vitabu kurudia kosa lile lile la kuifanya historia kuwa mahubiri ya umoja. Dawa ya kosa hilo tunayo, kwa kuwa ushahidi upo. Wajukuu wa waliohojiwa wanaishi Kipatimu na Nandete, na watoto wao wamo katika madarasa ya sekondari. Mwalimu wa huko anaweza kuomba Chuo Kikuu nakala ya makala moja tu ya mwaka 1968 iliyoandikwa juu ya eneo lake, akaifasiri kwa Kiswahili pamoja na wanafunzi wake, kisha akawatuma nyumbani kuisoma mbele ya wazee na kuandika pembeni kila mahali ambapo wazee watasema, hapana, haikuwa hivyo.