Kiambishi cha Shabiki

Asikilizaye mashabiki wa kandanda huko Kasese au Bwera wakisema Kiswahili atasikia kiambishi kimoja kikitawala: tu-. Klabu ya Uingereza ikishinda, shabiki aliye chini ya Milima ya Ruwenzori husema, "Tumeshinda." Je, ni kosa la sarufi? Twaona sivyo. Kiambishi hicho hakihesabu waliocheza, bali walioumia na kufurahi pamoja. Ndiyo maana kijana ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 1978 aweza kusema, "Tulifungwa na Ghana mabao 2 kwa 0 katika fainali ya Accra." Wala mpaka wa Mpondwe haukizuii: wa Bwera na wa Kasindi, Kongo, wakipenda klabu moja, tu- yao ni moja.

Mchezo wa kubuni timu, ambamo mtu huchagua wachezaji wa klabu mbalimbali na kujikusanyia pointi, umeleta ni-: "Nimepata." Huyu aweza kufurahi hata klabu yake ikifungwa, maadamu mfungaji alikuwa katika orodha yake. Hapo ndipo penye kasoro. Ushabiki hupimwa siku ya kushindwa; asemaye "wamefungwa" amekwisha jitenga.

Walimu wenzetu, tufundishapo nafsi, mfano huu tusiuache nje ya darasa.