Mkataa Wengi: Kosa na Kundi katika Kisasili cha Simbi Nyaima

Watahiniwa wengi wa fasihi simulizi wana mazoea ya kumsaka mhalifu mmoja katika kila hadithi. Wakishampata humtaja kuwa mlevi, katili au mlafi, kisha huhitimisha kwamba mwovu huadhibiwa na mwema hutuzwa. Jibu la aina hii halikosi alama. Hata hivyo, huacha swali zito bila kuguswa: kosa likitendwa na kijiji kizima, mhalifu ni nani? Katika makala haya tutalijadili swali hilo kwa kurejelea visasili viwili vya Waluo kutoka Homa Bay, tukisaidiwa na dhana chache za sosholojia.

Tuanze na visa vyenyewe. Simbi Nyaima ni ziwa dogo la volkeno lililo karibu na Kendu Bay. Maji yake ni ya magadi na heroe hulizuru. Jina hilo lina maana ya kijiji kilichozama. Wasimulizi hutofautiana katika mambo madogo, lakini uti wa mgongo wa kisa ni mmoja. Ajuza mgeni, mchovu na mwenye njaa, aliingia kijijini usiku watu wakiwa katika karamu ya pombe na ngoma. Aliomba hifadhi akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha na kumpa chakula. Ajuza akamwonya aondoke upesi. Maji yakaja, kijiji kikazama, yule mwanamke akapona.

Kisa cha pili ni cha Nyamgondho, mvuvi maskini wa Gwasi. Alivua ajuza badala ya samaki, akamchukua nyumbani, na tangu hapo akatajirika kwa mifugo. Utajiri ukamlevya, na pombe nayo. Usiku mmoja alirudi mlevi, akakuta lango limefungwa, akamtukana ajuza huyo. Ajuza akarejea ziwani, mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alisimama akitazama mpaka akageuka mti, na wenyeji wa Nyandiwa huuonyesha hadi leo.

Kwa mtazamo wa haraka, visa hivi vinafanana: ajuza, pombe, adhabu ya maji. Ukivitazama kwa makini utaona tofauti kubwa. Nyamgondho alivunja kaida peke yake, na jamii yake ingekubali kwamba amekosa. Huo ndio ukiukaji wa kaida kama tulivyozoea kuueleza. Katika Simbi, kundi zima lilikuwa limekubaliana. Ukarimu kwa mgeni ilikuwa kaida ya kale, lakini usiku ule kaida ya karamu ilikuwa kufukuza. Aliyetoka nje ya mstari wa wenzake ni yule mwanamke mkarimu. Machoni pa wanakaramu, mkiukaji alikuwa yeye!

Hapa ndipo mwanasosholojia Howard Becker wa Marekani anapotufaa. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1963, alidai kwamba kitendo hakizaliwi kikiwa ukiukaji. Ni kundi linaloweka kanuni, kisha likambandika jina anayezivunja. Wazee wetu walilijua jambo hili zamani, ndiyo maana tuna methali isemayo mkataa wengi ni mchawi. Zingatia kwamba methali haisemi mkataa wengi amekosea. Inasema atapewa jina. Kwa hivyo mtahiniwa anayeitumia kama sifa ya umoja asome tena: inaweza kuwa onyo kuhusu nguvu ya umati.

Mfano wa jengo utatusaidia. Huko Nyatike, Migori, kuna Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe yaliyopangwa bila saruji, lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Ukuta wake uliwalinda watu na mifugo, na papo hapo ulionyesha nani ni wetu na nani si wetu. Kaida za kundi hufanya kazi hiyohiyo. Kisasili cha Simbi kinatukumbusha kwamba hatari inaweza kuwa ndani ya ukuta.

Je, haya ni ya kale tu? La hasha. Katika fuo za Ziwa Victoria, zikiwemo za Homa Bay na Migori, umejulikana kwa miaka mingi mtindo uitwao jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili auziwe samaki. Makadirio ya kitaifa yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yalionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne katika Homa Bay alikuwa na virusi vya UKIMWI, na jaboya imetajwa mara nyingi miongoni mwa vichocheo vya maambukizi. Robert Merton, katika makala yake ya mwaka wa 1938, alieleza kwamba watu wakiwa na lengo halali lakini njia halali zikiwa finyu, baadhi yao hubuni njia nyingine. Lengo la mchuuzi ni kulisha watoto. Samaki wakipungua, njia hufinyika. Mtindo ukienea, anayekataa ndiye anayeonekana wa ajabu, naye hurudi nyumbani na karai tupu. Huyo ni dada yake yule mwanamke wa Simbi, ila hakuna ajuza wa kumwokoa.

Nilipofundisha kisa hiki, msichana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, watoto waliokuwa wamelala walikosa nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Leo ningemwambia kwamba kisasili hakitoi hukumu ya mahakama, ambayo humtafuta kila mtu na kosa lake. Kinaonyesha jinsi kosa la umati linavyowaangukia hata wasiokuwamo. Mwaka wa 2001, katika shule ya Kyanguli huko Machakos, bweni lilichomwa na wavulana 67 wakafa. Waliokuwa wamelala walikosa nini? Swali la msichana yule si la hadithi pekee.

Mwalimu mwenzangu, unapofunza kisa cha aina hii, usikubali neno "mwovu" lipite hivi hivi. Mwelekeze mwanafunzi aulize mambo matatu: kaida iliyovunjwa ni ya nani? Nani anayelitaja kosa? Adhabu inamwangukia nani? Nawe mtahiniwa, uandikapo kwamba funzo la Simbi ni ukarimu, ongeza kwamba ukarimu huo ulihitaji ujasiri wa kuwapinga wengi.

Maswali ya marudio
1. "Katika Simbi Nyaima, mkiukaji wa kaida ndiye mtiifu." Jadili.
2. Linganisha kosa la Nyamgondho na la wanakijiji wa Simbi.
3. Kusanya kisa kimoja kutoka kwa mzee wa kwenu, uwe Nyandiwa, Kehancha au kwingineko, kisha ueleze uhusiano wa mhusika mkuu na kundi lake.