Gleizi Ambayo Odundo Hakuipaka

Kuna sifa moja tunayompa Magdalene Odundo ambayo inanikera: eti alienda Uingereza kusoma, halafu "akarudi kwenye asili". Inasikika tamu, lakini inamfanya aonekane kama mtu aliyepotea njia akaokolewa na kumbukumbu za nyumbani.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Alifika Uingereza 1971 akifuata sanaa ya michoro, udongo ukamnasa huko huko. Gleizi aliijua. Ni unga wa madini uliokorogwa na maji. Unaupaka kwenye chungu, na ndani ya tanuri unayeyuka na kuwa kioo. Ukibadilisha kipimo kidogo tu, rangi inabadilika. Ni kupika bila kuonja: mpaka tanuri lipoe ndipo ujue umepakua nini.

Mwaka 1974 alienda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa Ladi Kwali na wenzake. Hapa ndipo hadithi ya "asili" inapopasuka. Kwali alifinyanga kwa mkono, kama wanawake wa Gwari, lakini katika kituo kile alichoanzisha Mwingereza Michael Cardew, mitungi yake ilipakwa gleizi. Kwa hivyo si kweli kwamba gleizi ni ya mzungu na udongo mtupu ni wetu.

Odundo aliiacha kwa sababu za kazi. Yeye hupaka chungu tope laini sana, akakisugua hadi king'ae. Moto wenye hewa ya kutosha hukipa wekundu wa machungwa. Akikichoma tena kwa moto ulionyimwa hewa, kinageuka cheusi. Udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni pumzi ya moto. Gleizi ingekaa juu kama koti. Hapa rangi iko kwenye ngozi yenyewe.

Ukiwa Kaaga, huku juu ya mji wa Meru, kazi hizi unaziona kwenye simu, na simu inadanganya. Ule mng'ao unaonekana kama gleizi tu. Shingo ndefu na tumbo lililovimba vinabaki kuwa umbo, uzito haupo. Vyungu vyenyewe viko mbali, kwingine British Museum. Kisha kuna swali ambalo mtu yeyote wa hapa angeuliza: vinaweka maji? Mtungi usio na gleizi hutoa jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji. Vya Odundo havitoi jasho kwa sababu havikuumbwa kubeba chochote. Kwangu huo ndio ujasiri wake mkubwa, na pia ndio umbali wake na sisi.

Kwa hivyo tukimsifu, tumsifu kama fundi aliyejaribu, akapima, akachagua. Mwanafunzi wa sanaa mwenye udongo mwekundu wa Kaaga kwenye viatu hahitaji kuambiwa arudi kwenye asili. Anahitaji tanuri, na nafasi ya kuharibu vyungu vingi kabla hajaamua apake nini na aache nini.