Flipa Nzuri Haipimwi kwa Urefu wa Kurusha

Kati ya silaha zote za roboti za mapambano, flipa ndiyo inayopendwa hata na asiyejua fizikia. Roboti moja inajipenyeza chini ya nyingine, mkono unafyatuka, chuma cha kilo mia kinapaa. Raha tupu! Lakini ukitaka kujua flipa ipi ni nzuri kweli, urefu wa kurusha utakudanganya. Hebu tulinganishe chache.

Kwanza hesabu kidogo. Kwenye BattleBots ya Marekani, roboti ya uzito wa juu haizidi pauni 250, yaani kilo 113. Kuiinua mita 2 kunahitaji jouli kama 2,200. Wapakiaji wanaopandisha gunia la mahindi juu ya lori wanatumia nishati ya kiasi hichohicho, kwa hiyo si ya kutisha. Kinachotisha ni muda. Tuseme flipa ina sehemu moja ya kumi ya sekunde: gawanya, unapata kilowati 22, na hapo hatujahesabu inayopotea njiani. Ukitaka mota itoe yote hiyo papo hapo, utabeba mota kubwa na betri kubwa ya kuilisha. Ndiyo maana wabunifu wengi huanza na swali hili: nishati niiweke wapi kabla sijaihitaji?

Jibu la zamani ni gesi. Chaos 2 ya George Francis ilitwaa ubingwa wa Robot Wars ya Uingereza katika msimu wa tatu na wa nne kwa flipa ya kabonidioksidi, gesi ileile ya mapovu ya soda. Uzuri wake unaonekana kwenye namba: silinda ya kipenyo cha sentimita 10 ikipata mgandamizo wa bar 10 tu, inasukuma kama uzito wa kilo 800. Na haingoji, fungua vali, kazi imeisha. Ila kuna deni. Kimiminika kinapogeuka gesi hunyonya joto, mtungi unapoa, mgandamizo unashuka. Pigo la kumi si sawa na la kwanza. Mtungi ukikauka, umebaki na kabari yenye magurudumu.

Bronco ya Inertia Labs ndiyo kilele cha njia hii. Mwaka 2015 iliirusha Stinger nje kabisa ya uwanja. Ni pigo zuri sana, lakini naona linatufundisha vibaya. Kila mfyatuo unakula gesi, uwe umempata mpinzani au umepiga hewa. Anayetaka kila pigo liwe kubwa anapunguza idadi ya nafasi alizonazo, na dakika 3 za pambano ni ndefu.

Hydra ikachagua mafuta yenye mgandamizo, yaani haidroliki. Mafuta hayatupwi hewani, yanarudi na kusukumwa tena, hivyo mpaka wako ni betri na si mtungi. Blip nayo ikaenda na umeme: mota inazungusha gurudumu zito, kisha nguvu ya mzunguko inaunganishwa ghafla na mkono. Mota ya kilowati 1 ingehitaji zaidi ya sekunde 2 kukusanya zile jouli 2,200. Inasubiri, kweli, lakini betri ikiwa hai pigo la mwisho linaweza kuwa kali kama la kwanza. Gharama yake ni mitambo: sehemu zinazounganisha gurudumu na mkono hupokea mshtuko mkubwa kila mara, na zikivunjika huna silaha.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo watazamaji hulisahau: bawaba. Flipa ya Chaos 2 ina bawaba nyuma, kwa hiyo ncha ya mbele ndiyo inayopanda juu kwa kasi. Inarusha juu, lakini ncha hupanda kwa kupinda kuelekea nyuma, na mpinzani anaweza kukuangukia. Firestorm iliweka bawaba mbele. Bamba linainuka kutokea nyuma na kumpindua mpinzani kuelekea mbele, mbali nawe. Haina mbwembwe nyingi, lakini Firestorm ilimaliza ya tatu mara tatu, na silaha hiyohiyo iliisimamisha tena ilipopinduliwa.

Uamuzi wangu? Kwa nguvu ya papo hapo, gesi bado ni mfalme. Lakini kama ungenipa pambano moja nishinde, ningechukua flipa inayorusha nusu mita tu, mara 20, bila kuchoka. Mpinzani aliyelala chali hajali alipaa mita ngapi kabla ya kutua.

Basi ukitazama pambano lijalo, usiangalie angani. Angalia sakafuni: nani ameingia chini ya mwenzake? Flipa ya kilowati 22 ambayo ncha yake iko milimita 5 juu ya sakafu, mbele ya roboti iliyokaa milimita 3, inarusha hewa.